Anayesaini Hupanda

Fundi huyu alikuwa na miaka kumi na moja ya kutengeneza helikopta na hakuwa amepanda hata moja. Si kwamba hakualikwa. Alialikwa mpaka waalikaji wakachoka. Wenzake wakamwita Ardhini, na jina likamkaa vizuri kuliko ovaroli yake, ambayo ilimbana mabega.

Karakana ile ilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote, lakini ilikuwa na nguvu kuliko zote zilizoandikwa na kutundikwa ukutani: anayesaini hupanda. Ukifunga nati, ukatia saini kwenye fomu kwamba umeifunga, basi siku ya kuijaribu mashine hewani unakaa kiti cha nyuma ya rubani. Aliyeileta desturi hiyo alikuwa Kapteni, mama wa makamo mwenye sauti ya kikohozi, ambaye ndiye aliyejaribu kila helikopta iliyotoka pale.

"Fundi akijua naye atakuwa juu," alikuwa akisema, "mkono wake unakuwa na adabu."

Mkono wa Ardhini ulikuwa na adabu tangu zamani. Kilichokosa adabu ni moyo. Kila siku ya majaribio ilipofika, alipatwa na jambo. Jino lilimuuma mara nne, na kwa kumbukumbu za wenzake lilikuwa jino lilelile, lililong'olewa baada ya mara ya pili. Shangazi yake mmoja alifariki mara tatu, Mungu amrehemu kila mara. Mke wake alijifungua pacha, jambo la kweli na la heri, lakini aliendelea kujifungua pacha walewale mpaka wakafika darasa la kwanza. Kila mara mwenzake mmoja alilazimika kusaini kwa niaba yake, akapanda yeye, na akitua akamwambia, "Shangazi anakusalimu, nimepishana naye huko juu."

Ardhini alicheka pamoja nao. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, aliwajibu, na yeye hata huo ubawa hana.

Sasa, nchi yenyewe ni kubwa. Kubwa ya kweli. Kuna wilaya ambako mvua ikianza, barabara inaenda likizo, na mkunga ama afike kwa helikopta ama asifike. Helikopta ni chache, na nyingi zilikuja zikiwa zimeshatumika kwa wengine, kama nguo za kaka mkubwa. Kwa miaka mingi, sanduku la gia la mkiani likitimiza saa zake za kuruka lilifungwa kwenye kreti na kupelekwa ng'ambo. Lilikaa huko miezi saba, minane, na muda wote huo helikopta ilibaki bandani kama jogoo aliyenyonyolewa mkia.

Mkuu wa karakana, ambaye wote walimwita Bosi, mtu mfupi aliyezidi kunong'ona kadiri alivyozidi kukasirika, akaamua kwamba imetosha. Sanduku litafunguliwa hapahapa na kufungwa hapahapa. Akachagua mafundi watatu wakasomee kazi hiyo. Wawili walikwenda kwa ndege, saa moja na nusu. Ardhini alikwenda kwa treni, siku nne, akafika miguu imevimba kama mikate. Lakini kwenye mtihani aliwaacha mbali. Wale wawili wakapata kazi kwingine huko huko, na Ardhini akarudi peke yake na cheti chake, kwa njia ileile ya reli.

Kwa hiyo helikopta ya kwanza kabisa kufungwa sanduku la mkiani na mikono ya nyumbani ilifungwa na mikono ya Ardhini. Hakukuwa na mwenzake wa kumsainia. Mwenye helikopta, mzee wa kampuni iliyopeleka wakunga na damu huko kusiko na barabara, alikuwa na mashine nyingine tatu zilizotimiza saa. Alimwambia Bosi waziwazi: hii ikiruka Ijumaa, hizo tatu zinabaki. Isiporuka, kreti ziko tayari bandarini.

Alhamisi mchana Ardhini alifika kwenye nati mbili za mwisho.

Nati za helikopta haziaminiwi. Mtikisiko ni mwingi, nati hulegea. Basi hufungwa mbili mbili kwa waya mwembamba, unaopitishwa kwa namna ambayo nati moja ikijaribu kulegea inamvuta mwenzake akaze. Ni ndoa: hakuna wa kutoka bila mwingine kujua. Lakini ukiupitisha waya upande wa pili, unakuwa rafiki mbaya, unaisindikiza nati mlangoni. Na rafadha ndogo ya mkiani, yale mapanga madogo ya nyuma, ndiyo inayoizuia helikopta isizunguke kama pia. Hapo ndipo hatupendi nati isindikizwe.

Nati hizi mbili zilijificha nyuma ya sanduku, nyuso zake zimeelekea ndani ya mkia. Jicho halifiki. Fundi hutega kioo kidogo cha duara, kama kile cha daktari wa meno, akaingiza mikono na koleo, akafanya kazi akiangalia kioo. Ardhini alifanya hivyo. Kichwani hakuwaza nati, aliwaza kesho: milango miwili ya vioo, na chini ya miguu, hakuna kitu. Akasokota waya, akakata ncha, akaangalia kwenye kioo, akaona umekaa sawasawa. Akaja mkaguzi, bwana mmoja mpole waliyemwita Miwani, akachungulia kwenye kioo kilekile, akasema, "Safi kama ya kitabuni," akatia saini yake chini ya saini ya Ardhini. Mfuniko ukafungwa.

"Maji umeyavulia nguo, kaka," Miwani alimwambia.

"Nimeshaloa tayari," alisema Ardhini, na ilikuwa kweli, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Ijumaa asubuhi alishindwa hata chai. Mke wake alikuwa msusi, na saluni yake ya chumba kimoja ilikuwa njiani kuelekea karakana, kwa hiyo waliondoka pamoja, Ardhini amebeba mashine ya kukaushia nywele aliyoitengeneza usiku uliopita, maana kazi za chini ndizo alizozipenda. Katikati ya saluni palikuwa na ndoo ya bluu. Paa lilikuwa likivuja kwa misimu mitatu ya mvua, na kila fundi bati aliyepanda alishuka akisema haoni tundu. Mwenye nyumba alisema wanaota. Mume naye alisema kwa heshima zote kwamba yeye ni fundi wa chini.

"Baba Pacha, leo ndiyo leo," mke alisema, akifunga aproni.

"Ndiyo leo."

"Umeshamuua shangazi?"

"Shangazi amekwisha."

"Na jino?"

"Mama Pacha, niache nikae dakika tano, kisha niende nikafe."

Akakaa kwenye benchi, ndoo mbele yake. Kwenye kiti cha kusukia alishakaa mteja wa mapema, mwalimu wa kike aliyetaka kuwahi kikao cha shule. Msusi akamtenga nywele kwa mkia wa kitana.

"Hapana, msusi, si huko," mwalimu alisema, akinyoosha kidole kwenye kioo kikubwa cha ukutani. "Nataka mstari upande huu."

"Upande upi?"

"Huu hapa." Akagusa kioo.

Msusi akaweka kitana chini kwa subira ya mtu aliyesema jambo hilo mara elfu. "Dada mwalimu, usinionyeshe kwenye kioo. Kioo kinageuza. Shika kichwa chako kwa mkono wako, hapo ulipotaka. Mimi nafuata mkono. Kioo nimeshakifuata sana zamani, nimegombana na nusu ya mtaa."

Mwalimu akashika kichwa. Mkono ukaenda upande mwingine kabisa na ule aliouonyesha. Wote wawili wakacheka.

Ardhini hakucheka. Alikuwa ametazama ule mkono kama mtu aliyeona nyoka akipita mlangoni. Akainuka taratibu, akachukua rola mbili za nywele kwenye trei, zile za rangi ya waridi, na kipande cha uzi wa nywele. Akasimama mgongo kwa mgongo na mwalimu, mbele ya kioo kidogo cha upande wa pili. Akaziweka rola zielekee kioo, akafunga uzi akiangalia kioo, kutoka rola moja kwenda ya pili, upande unaokaza. Kisha akazigeuza, akaziangalia kwa macho yake.

Uzi ulikuwa upande unaolegeza.

"Mama Pacha," alisema, "jana sikutia kidole."

"Kidole wapi?"

Lakini alishatoka. Mwalimu akageuka na kichwa nusu. "Huyo vipi?"

"Anarusha helikopta leo," alisema mke. Kisha akafikiri kidogo. "Au harushi."

Pale nje Ardhini alimpigia Bosi. Bosi aliona jina, na jina hilo likitokea asubuhi ya majaribio halihitaji kupokelewa. Akampigia Miwani. Miwani alipokea, akasema, "Pole kwa msiba, kaka, lakini leo hata shangazi akifufuka unakuja," akakata. Ardhini akadaka pikipiki.

Helikopta ilikuwa imeshatolewa nje, inang'aa, mapanga yake yameinama kidogo kama inayosikiliza. Kapteni alikuwa akiizunguka akiikagua, kofia kwapani. Mwenye helikopta alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, kikombe mkononi. Ardhini aliteremka na rola mbili za waridi mkononi, na karakana nzima ikaangua kicheko kabla hajafungua mdomo.

"Leo ni nini?" mmoja aliuliza. "Umepata kazi saluni?"

"Naomba tufungue mfuniko wa mkiani," Ardhini alisema. "Waya wa nati mbili za nyuma nimeupitisha kinyume."

Kicheko kikaongezeka. Miwani akatikisa kichwa kwa huruma. "Kaka, huo waya nimeukagua mimi."

"Kwa kioo gani?"

"Kwa kioo chako."

"Ulitia kidole?"

Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Bosi akamshika Ardhini kiwiko, akamvuta pembeni. Alikuwa akinong'ona kwa chini sana, dalili mbaya. "Miaka kumi na moja nimekucheka na kukuvumilia, kwa sababu wewe ndiye mkono bora nilionao. Lakini yule mzee pale ana kreti tatu bandarini. Nikimfungulia mashine mbele yake saa tatu na nusu, wakati kuruka ni saa nne, atasema tunaharibu. Na ukifungua ukakuta kila kitu kiko sawa, nitakuwa nimepoteza kazi ya watu ishirini na wawili kwa sababu wewe unaogopa kupanda. Niambie ukweli. Unaogopa?"

"Naogopa sana, Bosi." Akafungua kiganja, akamwonyesha rola na uzi. "Lakini hili si hilo."

Shaka hiyo ilikuwa ya haki, ukiiangalia. Mtu aliyemzika shangazi mara tatu, nani ataenda kwenye mazishi ya nne? Ardhini aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akaona kila mmoja anatabasamu kwa upendo na hakuna hata mmoja anayemwamini, na akajua hilo deni la uongo alilifuga mwenyewe, kwa mikono yake, likanenepa.

Kapteni alikuwa amesogea bila kelele. "Nionyeshe hizo," alisema.

Ardhini akamwonyesha. Alimweleza kioo cha saluni, mwalimu, mkono uliokwenda upande mwingine. Kapteni alizungusha rola vidoleni kama mtu anayechagua nyanya.

"Tukifungua tukakuta iko sawa?"

"Nafunga, napanda."

"Tukikuta kinyume?"

"Nafungua waya, narudia, natia kidole, Miwani anatia kidole, napanda." Akameza mate. "Njia zote mbili napanda, Kapteni. Sina pa kutokea. Nimekuja mwenyewe."

Jasho lilikuwa likimtiririka Ardhini mpaka kidevuni, na hakulifuta.

"Anayetafuta mlango wa nyuma haji akiufunga," Kapteni alisema. Akamgeukia Bosi. "Fungua. Mimi siruki na mfuniko huo umefungwa."

Rubani akisema haruki, hakuna mkubwa wa kubishana naye. Mfuniko ukafunguliwa. Mwenye helikopta akainuka kwenye kiti cha plastiki, akaja kusimama nyuma yao na kikombe chake. Hakuna aliyecheka tena. Ardhini alitaka kuingiza mkono, Bosi akamzuia. "Si wewe. Miwani."

Miwani akakunja mikono ya shati, akaingiza mkono mpaka begani, akafumba macho. Kidole chake kilitembea kwenye waya wasiouona. Kilifika kwenye nati ya kwanza, kikaizunguka, kikafuata waya mpaka ya pili. Kikarudi. Kikaenda tena. Alipofumbua macho alikuwa mtu mwingine.

"Kinyume," alisema. "Unalegeza."

Kikombe cha mzee kikagonga kisahani.

"Nyani haoni kundule," Kapteni alisema polepole. "Sisi tulipewa na kioo, bado tukaliona upande usio wake."

Hapo kicheko kikarudi, lakini cha namna nyingine, kile cha watu waliokoswa na gari barabarani.

Kazi ilichukua dakika arobaini. Ardhini alitupa waya wa zamani, akapitisha mpya kwa vidole, kioo kikiwa mfukoni. Alipomaliza, Miwani aliingiza kidole, kisha akamwita Kapteni naye aingize, kisha akachukua fomu, na chini ya mstari wa nati hizo mbili akaandika kwa kalamu yake: *Kagua kwa kidole. Kioo hakitoshi.* Akatia saini. Alipompa Ardhini kalamu, hakuiachia haraka.

"Saini yangu nayo ilikuwa pale," alisema kwa sauti ya chini. "Asante, kaka. Nina watoto wanne."

"Mshukuru mwalimu mmoja," alisema Ardhini. "Ana nywele nusu."

Mwenye helikopta aliangalia saa, akarudi kwenye kiti chake, akaomba chai nyingine.

Basi Ardhini akapanda. Tuseme alipandishwa, maana mguu wa pili uligoma na Bosi akausaidia kwa mkono. Wakamfunga mikanda. Kapteni aligeuka kutoka kiti cha mbele, akamwonyesha kwa kidole.

"Ukitaka kutapika, mfuko huo hapo. Ukitaka kusali, sali kimya, redio iko wazi, mnarani kwa waongoza ndege wote watakusikia." Kisha akapunguza ile sauti ya kikohozi. "Na asante. Nimerusha mashine miaka ishirini na saba. Kila nikitua salama huwa najua kuna fundi mahali fulani wa kumshukuru, ila mara nyingi sijui ni yupi. Leo namjua."

Ardhini alitaka kujibu kitu cha maana. Alichotoa ni mwanzo wa ndiyo, "Nd."

Mapanga yakaanza, polepole, kisha haraka, kisha yakapotea machoni na kubaki sauti. Helikopta ikanyanyuka kama mtu anayeinuka kitini na goti bovu, ikasimama hewani kimo cha mtu. Hapo ndipo mkia hujithibitisha. Kama rafadha ya nyuma haifanyi kazi yake, dunia inaanza kuzunguka. Ardhini alifumbua jicho moja. Dunia ilikuwa imetulia. Banda lilikuwa mahali pake, Bosi mahali pake, mzee na kikombe chake mahali pake. Kapteni akageuza pua kushoto, ikaenda kushoto, akaisimamisha, ikasimama. Kulia, hivyo hivyo. Mtiifu.

"Mkia wako huo," Kapteni alisema redioni. "Haya, twende tukautembeze."

Ardhi ikaondoka. Ardhini aliitazama ikienda, ile aliyoitumikia kwa uaminifu miaka yote, na akagundua kwamba haikuwa na kinyongo. Ilijitandaza tu chini, ikawa barabara, bati, kamba za nguo, uwanja wa shule wenye vitone vinavyokimbia. Alikuwa bado anaogopa, tusidanganyane. Alishika mkanda mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini woga ulikuwa umekaa kando, kama abiria mwingine, na kati yake na huo woga kulikuwa na nafasi ya kutazama. Aliwaza wakunga waliokaa kwenye kiti hiki hiki mvua zikipiga, mikoba mapajani, hawajui nati wala waya, wanaamini tu. Akawashukuru moyoni kwa kumwamini bila kumjua, na akamshukuru shangazi yake pia, ambaye ukweli ni kwamba yu hai, mzima, na hana habari.

Kapteni alizungukia mjini kabla ya kurudi. Walipita juu ya mtaa wao. Ardhini aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo, akatafuta, akahesabu mapaa. Akaiona saluni. Mlangoni walisimama watu wawili wadogo wanatazama juu, mmoja ana aproni, mwingine kichwa chake upande mmoja kimesukwa na upande mwingine kimesimama wima kama moshi. Aliwapungia mkono. Hawakumwona, lakini alipunga mpaka wakapotea.

Walipotua, Ardhini alishuka mwenyewe. Mwenye helikopta alikuja mpaka chini ya mapanga yaliyokuwa yakitulia. Alimtazama Ardhini, kisha ule mkia, kisha Bosi.

"Nimepeleka masanduku ng'ambo miaka kumi na minne," alisema. "Huko kila mara huniambia kila kitu kilikuwa sawa tangu mwanzo; huyu amejifichua mwenyewe. Hizo kreti tatu nitazirudisha Jumatatu." Akampa Bosi kikombe kitupu kama risiti. "Afunge huyu."

Bosi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za karakana, aliongea kwa sauti ya kawaida. "Asante, mzee. Atafunga." Kisha akamgeukia Ardhini. "Na atapanda."

Jioni Ardhini alipita saluni. Mke wake alikuwa anafagia nywele. Alisimamisha ufagio, akamkagua kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayepokea mzigo uliosafiri mbali.

"Mwalimu amekusema," alisema. "Umekimbia na rola zake. Imebidi nimalizie kwa kalamu za risasi."

Ardhini akatoa rola mbili za waridi mfukoni, uzi bado umezifunga. Zilikuwa zimepaa, zimetua, zimenusa mafuta ya gia. Aliziweka kwenye trei taratibu.

"Akija tena, usichukue hela kwake," alisema. "Mwambie kuna mashine moja hewani kwa sababu yake. Na wewe." Akachukua ufagio mkononi mwa mkewe na kuanza kufagia yeye.

Mke akakaa kwenye kiti cha wateja, kwa raha. "Haya niambie, Baba Pacha. Huko juu kukoje?"

Ardhini alifagia mpaka alipofika kwenye ndoo ya bluu. Akasimama, akatazama juu, akainyanyua ndoo, akaiweka kando.

"Bati la tatu kutoka mlangoni," alisema, "limefunguka upande wa nyuma, pale linapopishana na la nne. Ukiwa kwenye ngazi huwezi kuliona. Maji yanaingia pale, yanatembea juu ya boriti, ndiyo yanakuja kudondokea hapa. Kesho nitapanda nilifunge."

"Utapanda wewe?"

"Nani mwingine amelichungulia?"